Niuzieni Jogoo, Fulana Ninazo

Mvua za vuli zinaweza kuchelewa, na mwaka mwingine hugoma kabisa, lakini michango ya vuli haijawahi kukosa. Darasa la saba wakishaweka kalamu chini mwezi wa tisa, kila mwenye kamati hapa Dar es Salaam anaiamsha kamati yake. Simu inaanza kutetemeka mezani. Nimeingizwa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo mwenyekiti wake simjui, ila mweka hazina wake namjua vizuri, maana ndiye anayeandika kila kukicha: "Habari za asubuhi wapendwa, tuendelee kupunguza ahadi zetu." Chini yake orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, na tiki ya kijani kwa waliomaliza. Jina langu lipo, halina tiki, na limekaa chini ya jina la jamaa ninayemdai tangu Pasaka. Yeye ana tiki.

Mama watoto anasema mimi ni mbahili. Ananionea. Natoa, sana tu. Ninachodai ni ruhusa ya kulalamika wakati natoa. Na kwa kuwa msimu huu nimeburutwa karibu kila penye hema na spika, acha niwasaidie wenzangu: wapi uende, wapi utume pesa ubaki nyumbani, na wapi uzime simu kabisa.

Mahafali huyakwepi. Kama huna mtoto unaye mpwa, na kama huna mpwa unaye jirani mwenye mtoto na kumbukumbu nzuri. Mwaliko unasema saa tatu kamili asubuhi. Mgeni rasmi anafika saa sita, kwenye gari lenye vioo vyeusi, na sisi tuliookwa chini ya hema tangu saa tatu ndio tunaosimama kumpigia makofi. Watoto wanaimba, wanacheza ngoma, wanaonyesha igizo la kukemea ulevi ambalo mlevi ndiye anayeshangiliwa kuliko wote. Mpaka hapo ni raha. Kisha anapanda mwanafunzi mwenye sauti kali kupita wenzake, anakunjua karatasi ya risala.

Risala hizi nazijua kwa moyo. Kwanza shule ilianza mwaka gani na ina walimu wangapi. Halafu mafanikio. Halafu yanakuja maneno ambayo yakitamkwa tu, wanaume wote chini ya hema wanainama kukagua viatu vyao: "Pamoja na mafanikio hayo, mheshimiwa mgeni rasmi, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo." Uzio. Matundu ya vyoo. Mashine ya kudurufu. Mwaka huu wameongeza kompyuta, na mwalimu aliyekaa nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba hicho chumba cha kuziweka hakina umeme. Mgeni rasmi akatoa kitambaa akajifuta shingo. Naye ni binadamu, maskini. Alidhani kaitwa kugawa vyeti.

Hapo mshereheshaji anakamata kipaza sauti. "Tunaanza na wa milioni! Wa milioni yuko wapi, tumpigie vigelegele!" Kimya. Unasikia jenereta tu. "Laki tano?" Mgeni rasmi ananyanyuka na kutoa ya kwake kwa niaba yake "na marafiki zangu", marafiki ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Inashuka laki, inashuka hamsini, inashuka ishirini, mpaka inatangazwa kwamba sasa ni zamu ya wa elfu tano tano, na wote wasimame hapohapo walipo. Sasa utakaaje? Mwanao amevaa joho, anakuangalia. Mimi huwa nabeba noti ya elfu tano iliyokunjwa mfuko wa shati, na nawashauri mfanye hivyo. Ukitoa ya elfu kumi, mshereheshaji hana chenji, na hatakuwa nayo mpaka mtoto huyo amalize chuo.

Nisieleweke vibaya. Mwaka 2016 serikali ilipofuta ada darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, nilishangilia na soda mbili, na bado nashukuru. Ada ilikufa kweli. Risala ndiyo haikufa. Wenzetu Kenya, ambao wameiandika Harambee mpaka kwenye nembo ya taifa, walifika mahali wakatunga sheria ya maadili, mwaka 2003, iliyowakataza watumishi wa umma kugeuza ofisi zao kuwa mahali pa kukusanyia michango. Hiyo ningeiomba na kwenye ofisi yetu, ambako kadi za harusi zinakuja zimebebwa juu ya faili halisi la kazi. Unalifungua faili kwa nia njema, unakuta single elfu hamsini, double laki moja, na mbele yako amesimama mtu anayeidhinisha likizo yako.

Basi, mahafali nenda. Keti karibu na walimu, huko soda hufika mapema.

Oktoba inaingia na fulana zake. Ni mwezi wa saratani ya matiti dunia nzima, kwa hiyo barabara ya baharini inageuka pinki kila mwisho wa wiki. Tarehe 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki siku hiyo mwaka 1999. Taifa zima limepewa siku ya kupumzika, na watu wazima wenye akili zao wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kukimbia kwa hisani. Nairobi nao wana mbio zao za Standard Chartered tangu 2003, Oktoba hiyohiyo, ambazo miaka ya mwanzo zilichangia matibabu ya macho. Wapo hata walioona barabara haitoshi: Kili Challenge, iliyoanzishwa na mgodi wa dhahabu wa Geita mwaka 2002, huwapandisha watu Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, kutafuta pesa za kupambana na UKIMWI. Hao siwagusi. Mtu aliyefika kileleni akitapika kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua ana ruhusa ya kuniomba anachotaka.

Mgomvi wangu ni fulana. Unalipa kiingilio ili utembee kilomita tano kwenye barabara ileile unayoitembea bure jioni daladala zikijaa. Unakabidhiwa fulana ya saizi ya kati, kwa sababu kubwa zote zilichukuliwa na wanakamati. Kifuani limeandikwa jambo zito la maisha na kifo. Mgongoni wamebanana wadhamini: benki, bima, maji ya kunywa, saruji, na chini kabisa, pale inapochomekewa kwenye suruali, mtu mwenye duka la matairi. Halafu inakuja saa ya mazoezi ya viungo na kijana mwenye filimbi, anayewaita akina mama wa umri wa mama yake "warembo wangu", na mkimaliza kuruka mnaambiwa mgeni rasmi yuko njiani, msianze.

Kwangu fulana hizi zimekuwa ukoo. Ya saratani anaivaa fundi akichanganya zege. Ya usalama barabarani nafutia gari. Ya fistula inapiga deki, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu fistula naijua habari yake. Mwanamke anakwama uzazi mbali na hospitali, mtoto anapotea, na yeye anabaki anavuja mkojo miaka na miaka, amesusiwa kitanda na amehamishiwa chumba cha nyuma. Na ugonjwa huo unatibika. Hospitali ya CCBRT pale Msasani huwatibu wanawake hao bila kuwatoza, na iligundua mapema kwamba matibabu ya bure hayamfai mtu asiye na nauli; ikawa inatuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu wa kuaminika kijijini, naye anampandisha mama basi. Sasa jambo kama hilo mnataka nilitolee pesa nikiwa naruka na kijana mwenye filimbi? Nitume kwa simu, nibaki kitandani, na ile pesa ya fulana yangu impeleke mama mmoja Dar na kumrudisha kwao. Nimelipeleka pendekezo hili kwenye kamati mbili. Zote zilinipa fulana.

Chakula cha jioni cha hisani sitakisemea sana. Meza ni ya dhahabu, ya fedha na ya shaba, kuku ni yuleyule. Zima simu.

Maulidi ni kitu kingine. Hayakai msimu mmoja, kwa kuwa yanakwenda kwa mwezi mwandamo na kurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, lakini miaka ya karibuni yamekuwa yakiangukia Septemba, na mimi, Mkristo wa bahasha, huwa nakaribishwa na majirani. Unavua viatu, unakaa mkekani, unasikiliza, linakuja sinia la pilau, mnalizunguka watu watano. Hakuna anayesomewa jina. Aliyetoa mchele hujui, aliyetoa ng'ombe hujui, na ukiuliza unaambiwa kula, ndugu yangu. Lawama yangu ni moja, kwamba mzee mmoja wa sinia letu anakula kwa kasi isiyoendana na umri wake.

Na ukipata nafasi Oktoba au Novemba nenda Bagamoyo kwenye tamasha la sanaa na utamaduni la chuo cha TaSUBa, ambalo limekuwepo tangu miaka ya themanini. Ngoma za huko huzichezi umekaa. Foleni ya kutoka Dar itakutukanisha, kisha utakula mihogo na samaki wa kukaanga usiku usikie gogo la ngoma likikugonga kwenye mbavu, na foleni ya kurudi itakutukanisha tena.

Ila iko shughuli moja ambayo hata nikiwa na homa nitajikongoja. Ni sikukuu ya mavuno.

Sisi Walutheri tuliipokea kwa Wajerumani, pamoja na tarumbeta. Kwao ni mwanzoni mwa Oktoba, baridi inanukia, na mbele ya madhabahu wamepanga maboga, ngano na matofaa. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuta watu na migomba yao, mambo yakaenda vizuri. Taabu iko huku mjini. Mimi hapa navuna nini? Nina mpapai mmoja, na huo huvunwa na popo. Mshahara nao uliisha tarehe tano. Kwa hiyo asubuhi ya mavuno nusu ya usharika wetu inaanzia Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, kununua mazao ya jasho letu. Jirani yangu alishusha mkungu kwenye bajaji ukiwa bado na alama ya rangi ya muuzaji, akaubeba begani mpaka mbele, macho yamelowa, akimshukuru Mungu kwa kuibariki kazi ya mikono yake. Sikusema kitu. Langu lilikuwa boga, na bei yake ilikuwa imeandikwa kwa makapeni.

Ibada ikiisha watu wanatoka nje, chini ya mwarobaini, na mnada unaanza. Dalali wetu ni mzee wa kanisa ambaye siku za kazi ni mtu wa stoo, mpole, ukimsalimia anajibu kwa kichwa. Mkabidhi jogoo. Anamshika miguu, anamnyanyua juu ya vichwa vya watu, na sauti inayotoka hapo sijui huwa anaihifadhi wapi.

"Nani anaanza?"

"Ishirini!" Mama mmoja wa mbele.

"Elfu ishirini! Jogoo amesikia. Mtazameni alivyohuzunika!"

Jogoo kweli ameinamisha shingo. Sokoni huyo ni elfu thelathini, labda thelathini na tano ukiwa umevaa suti. Thelathini inapita, hamsini inapita, na hapo wanaingia wenyewe: kwaya kuu upande wa kulia, kwaya ya vijana upande wa kushoto. Hawa wana ugomvi wa tangu mwaka juzi kuhusu nani aimbe kabla ya neno na nani baada, ugomvi ambao mchungaji, mkuu wa jimbo na vikao vya usiku vimeshindwa kuumaliza. Jogoo anaumaliza. Sabini! Themanini! Watu wa kwaya kuu wanachangishana pesa ndani ya kofia. Laki! Mpiga kinanda wa vijana anauza miwani yake ya jua papo hapo kwa mtu wa sauti ya pili. Laki na themanini. Moja, mbili, tatu, ameenda kwa vijana, tarumbeta zinalia.

Kisha kiongozi wa vijana anafuta jasho na kutamka neno tamu kuliko yote katika mnada wa kanisa: "Namrudisha. Auzwe tena."

Mnaona hapo? Jogoo yuleyule, miguu ileile. Anapanda tena, anauzwa laki na ishirini kwa umoja wa wanawake, nao wanatangaza kwamba wamemzawadia mchungaji. Mchungaji anasimama na kola yake nyeupe, jogoo kwapani, hajui amshike kichwa au mkia, anasema Mungu awabariki. Laki tatu zimeingia na kuku bado yuko hai. Nionyesheni benki yenye faida ya namna hiyo, nami nitavaa fulana yake.

Lakini mimi huwa nasubiri vitu vidogo. Kuna bibi wa viti vya nyuma, anayekuja kwa miguu, ambaye kila mwaka huleta mayai mawili ndani ya leso. Dalali hana haraka na mayai yale. Analishika moja, analielekeza juani, analizungusha. "Hili halikutoka kwa mtu wa chipsi," anasema. "Hili lina baba." Watu wanacheka, bei inapanda, na mwaka huu yai moja lilikwenda elfu arobaini. Muda si mrefu ikaletwa katoni ya juisi ya dukani, sadaka ya bwana mmoja aliyeziba geti na gari lake. Dalali akaisifu kadiri alivyoweza. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mwishowe bwana mwenyewe akainunua kwa bei ya dukani, akairudisha kwenye buti.

Hapo ndipo moyo wangu hupona na kadi zote. Kadi hukuuliza una kiasi gani, ndipo ikupangie kiti, kisha hujidai haikuuliza. Mahafali hunisimamisha mbele ya mwanangu. Mnadani nao wananionea, tena hadharani, ila wanayemwonea yupo, anajibu, na akitaka anampandishia bei mwenzake aonewe zaidi. Na bibi mwenye leso anaondoka akiwa amechangia kumzidi mwenye gari, kila mtu amehesabu, na bibi mwenyewe amehesabu wa kwanza.

Sisemi hakuna ubaya. Jua ni la kutoboa utosi. Yule mama aliyeanza na ishirini hajawahi kuondoka na kuku hata mmoja. Wakubwa wakishaanza kupimana vifua, mwenye shida ya kitoweo hana nafasi, na ningependa fungu la kwanza liuzwe bei ya soko kwa watu wa namna yake. Nimelisema hilo, wamelichukua kwa maombi. Halafu kuna mama watoto. Husimama na wenzake upande ule, mimi upande huu, na akipenda kitu hasemi bei, ananyoosha kidole kunionyesha nilipo. Dalali anaelewa mara moja. "Imeenda kwa mama! Baba, tunakusubiri!" Safari hii ilikuwa ni mkungu wenye alama ya rangi. Jirani aliniangalia, nikamwangalia, tukapeana mkono wa amani.

Malipo ni taslimu au kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, ila mtandao una tabia ya kulala watu wote wakibonyeza kwa pamoja. Ukishindwa, jina lako linaandikwa daftarini. Jihadharini na hilo daftari. Jumapili inayofuata, baada ya matangazo ya ndoa, husomwa majina ya "wapendwa waliochukua mali mnadani", na mchumba aliyetangazwa muda huo huo amewahi kusikika mara mbili.

Wiki ijayo wanauza vilivyobaki, ibada ya pili, kuanzia saa tano. Nimesikia kuna mbuzi wawili na magunia ya mahindi. Njooni, madhehebu yote, noti zenu mikononi. Ila kuna ndoo ya maziwa mgando ya lita kumi imewekwa kwenye friji ya ofisi ya usharika, nimeshaiona, nimeshamwambia dalali, na bibi wa mayai nimemwomba aketi karibu nami. Atakayepandisha bei nitamnunulia kadi ya harusi ya shemeji yangu. Double.